Lete Mkasi, Eckehard

Wasikilizaji wapendwa, zimeni kwanza mashine ya kahawa. Acheni vyombo kwenye sinki. Leo nataka mnisikie kila neno, na najua yuko mtu mmoja mjini hapa ambaye angefurahi sana mitambo yetu ikikatika.

Bi Irmtraud Noack amefariki dunia. Narudia kwa waliochelewa kuwasha redio. Irmtraud Noack, wa bustani za chama cha Umande wa Asubuhi, hapa kwetu Leipzig, yule mama wa kunoa mikasi, hatunaye tena. Tulimzika mwanzoni mwa Desemba, siku yenyewe ya Mtakatifu Barbara. Ishikeni siku hiyo. Tutairudia.

Wengine watawaambieni kwamba alikuwa mwanamke mpole. Waongo. Alikuwa mkali, alikuwa na kinyongo, na kinyongo chake alikitunza kama alivyotunza vyuma vyake, kikavu na chenye makali. Mimi nilimpenda kwa sababu hiyo hiyo.

Alizaliwa Kröslitz, kusini mwa mji. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Mashine za makaa ya mawe ziliitafuna Kröslitz yote, kanisa, shule, makaburi, kiwanda cha uhunzi cha baba yake. Wakubwa wa wakati ule walileta barua yenye mhuri, na siku ya kuhama wakaleta shada la maua. Shada! Kama vile kijiji kilikufa kwa uzee. Mnadhani nimesahau? Wale walioleta shada, baadhi yao walirudi baada ya Mageuzi, ukuta ulipoanguka, wakiwa na suti mpya na vyeo vipya. Nawajua mmoja mmoja.

Kabla mashine hazijafika, mume wake, marehemu Gotthard, alikwea mcheri, mti wa matunda ya cheri, uliokuwa nyuma ya kanisa. Akakata vijiti vichache, akavifunga kwenye gazeti bichi, akavitia ndani ya koti. Majira ya kuchipua akaviunganisha kwenye shina changa katika ploti yao ya Umande wa Asubuhi. Vikashika. Vikawa mti. Cheri zake ndogo, nyeusi, zenye rangi isiyotoka kwenye nguo. Hakuna duka linalouza mche wake. Kröslitz yote iliyobaki duniani ilikuwa mti ule mmoja.

Nasema tena, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Kröslitz yote iliyobaki ilikuwa mti ule mmoja.

Sasa, Bi Irmtraud alijifunza kunoa kwa baba yake mhunzi. Kila mwanzo wa majira ya kuchipua alikuwa anaweka meza barazani pa kibanda chake, na sisi tunapanga foleni na mikasi yetu ya kupogolea kama watoto wanaopeleka madaftari kwa mwalimu mkali. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilimpelekea mkasi mpya kabisa, mzuri, una mpini wa rangi ya chungwa. Akaugeuza. Akaunusa.

"Huu umenunua wewe mwenyewe, au umepewa na adui?"

"Nimenunua, Bi Irmtraud. Muuzaji kasema unakata bila kutumia nguvu."

"Muuzaji anajua kuuza. Tazama. Huu una makali upande mmoja tu, upande wa pili ni kibao cha bati. Unakandamiza. Kwa tawi lililokufa, sawa, hata usiogope. Lakini tawi bichi utalitafuna kama mbwa na mfupa. Mti ukitafunwa hauponi, unaoza. Nenda ukatafute ule ambao makali yake yanapishana, kama mkasi wa nguo. Na uushike dukani kwanza, mkono wako uenee. Una mikono midogo kama mtangazaji."

"Mimi ni mtangazaji, Bi Irmtraud."

"Ndiyo maana."

Foleni nzima ilicheka. Nilirudi dukani.

Aliyotufundisha nayajua kwa moyo, na leo nayasema hewani kwa heshima yake. Mkasi ufungue nati, uutenganishe. Utomvu uliokauka uupanguse kwa spiriti. Kutu uiondoe kwa pamba ya chuma. Unoe upande ulioinama tu, kutoka shina la makali kwenda ncha, na ule upande bapa usiuguse, ila kuufuta vinyweleo vya chuma mara moja, basi. Springi itie tone la mafuta. Ukimaliza mti mgonjwa, spiriti tena kabla hujagusa mti mzima. Na usiuache mkasi nje kwenye umande. "Bustani inaitwa Umande," alikuwa akisema, "lakini umande ni wa kabichi, si wa chuma."

Tawi nene linatakiwa msumeno, na kwanza unakata kidogo kwa chini, halafu ndiyo juu, ili likianguka lisichune gome. Na mcheri, wasikilizaji wapendwa, matawi yake makubwa hayakatwi wakati wa baridi. Hukatwa kiangazi, baada ya kuvuna, jua likiwa linakausha kidonda. Kwetu kila mwenye bustani anajua hilo. Kila mtu. Mwenyekiti pia.

Haya, tuje kwa mwenyekiti.

Eckehard Lohse. Ndiyo, nataja jina. Mwenyekiti wa Umande wa Asubuhi tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi. Ploti yake iko kaskazini ya ploti ya Bi Irmtraud, njia moja tu katikati. Mcheri wa Kröslitz ulipokua, kivuli chake kikawa kinaangukia nyanya za Lohse alasiri. Lohse akaleta hoja kwenye mkutano mkuu kwamba mti upunguzwe. Tukapiga kura. Akashindwa, tena vibaya, hata mkewe Bi Sigrun hakunyoosha mkono.

"Sigrun!" alimnong'oneza, tukasikia wote.

"Nini? Mimi nazipenda cheri zake," akajibu Bi Sigrun, akaendelea kufuma soksi.

Mwaka ule ule, wakati wa kutengeneza uzio, Lohse aliona uvivu kwenda kuchukua koleo. Akakata waya kwa mkasi wake wa kupogolea. Chuma kizuri kile, cha kufuliwa, alirithi kwa mjomba wake. Mkasi ukapata pengo kwenye makali, dogo tu, kama jino la panya. Bi Irmtraud alikuwa amesimama pale pale.

"Eckehard, umekata waya kwa mkasi wa miti?"

"Waya mdogo tu, Bi Irmtraud."

"Kidonda pia huanza kidogo. Lete nikutolee hilo pengo. La sivyo kila utakapokata utaacha mstari, na ndani ya mstari ndimo maradhi yanapolala."

"Nitaleta."

Hakuleta. Bi Irmtraud Noack alijitolea kumnolea bure, na yeye hakuleta.

Majira ya baridi yaliyofuata, Bi Irmtraud akalazwa kubadilishwa nyonga. Februari, wakati bustani zote zinafanya siku ya kazi ya pamoja. Mnaijua siku ile. Karatasi ya kamati inasema Februari ni kupogoa, basi watu wanapogoa chochote kilichosimama, mradi saa za wajibu zitimie na soseji ziwe tayari jikoni. Mimi siku hiyo nilikuwa upande wa lango tukisafisha mtaro. Nilisikia msumeno mbali. Nani angeuliza? Siku ya kazi, msumeno unalia.

Bi Irmtraud alirudi Machi, na magongo mawili, binti yake Marlis akimshika kiuno. Alifika langoni kwake akasimama.

Mcheri wa Kröslitz ulikuwa umebaki ngumi. Matawi makuu yamekatwa juu kwa juu bila kukatwa chini kwanza, yameanguka yameondoka na gome mpaka katikati ya shina. Nyama nyeupe nje. Vijitawi vya chini vimebaki visiki visiki, vimetafunwa. Marlis aliniambia mama yake hakulia. Alimwambia, "Niletee kiti." Akaketi chini ya mti na magongo yake, akashika kisiki kimoja baada ya kingine, akapitisha kidole gumba juu ya kila kidonda kama mtu anayepapasa uso wa mtoto gizani. Kisha akamwita Marlis.

"Weka kidole hapa. Unasikia nini?"

"Kuna mstari, mama. Kama uzi."

"Na hapa?"

"Upo pia."

"Na hapa?"

Ulikuwapo pote. Mstari mmoja, mahali pale pale, mwembamba, umevimba. Mkasi wenye pengo kama jino la panya.

Alikata kipande kimoja cha tawi lile, urefu wa kidole, chenye mstari wake. Akakiweka dirishani jikoni.

Mkutano mkuu ukaja. Ukumbi umejaa. Bi Irmtraud akainuka kwa magongo.

"Mwenyekiti, nani amekata mti wangu?"

"Bi Irmtraud, pole sana kwa yaliyotokea," akasema Lohse, sauti ya asali. "Kulikuwa na upepo mkali Februari. Matawi yalivunjika. Mtu mwema kayasafisha."

"Upepo una mkasi?"

Watu wakacheka. Lohse hakucheka.

"Lete mkasi wako wa zamani, Eckehard. Ule wa mjomba. Tukate kijiti hapa mezani, tuone. Kisipokuwa na mstari nitakuomba radhi mbele ya wote, na nitakunolea mpaka nife."

"Ule ulipotea."

"Ulipotea lini?"

"Zamani. Nina mwingine sasa, mpya." Akauinua, mwekundu, bado una kibandiko cha dukani.

"Basi utafute. Mimi nina subira. Lete mkasi, Eckehard."

Kamati ikaandika kwamba ni upepo. Wote walioketi meza ile mbele walisaini, nao walikuwapo Februari, walikula soseji za siku ile. Nawakumbuka, msidhani nimewasahau. Kiangazi kile mcheri ulitoa gundi kila kidonda, gundi nyekundu kama damu iliyoganda. Majani yakawa na rangi ya fedha, dalili ya maradhi. Kiangazi cha pili haukuamka. Kröslitz ikafa mara ya pili, na mara hii hakuna aliyeleta hata shada.

Wapo waliomshauri asamehe. Mchungaji alimshauri. Akamjibu, "Nitasamehe nikiombwa. Hajaniomba." Hilo tu ndilo alilotaka, wasikilizaji wapendwa. Hakutaka fidia. Hakutaka mche mwingine. Alitaka mtu yule aseme mbele ya watu, "Ni mimi."

Na kama hataki kusema, basi asilale raha. Kuanzia hapo, kila alipomwona, langoni, njiani, kwenye sherehe ya mavuno, alimsalimia kwa maneno mawili. Si habari za asubuhi. Lete mkasi. Lohse akizindua banda jipya la mbolea, kutoka nyuma sauti, lete mkasi. Lohse akigawa zawadi ya boga kubwa, lete mkasi. Watoto wakalidaka, wakaimba wakiwa kwenye baiskeli. Mpaka kasuku wa ploti ya kona akajua. Lohse akaanza kupita njia ya nyuma, ya matope, ili asipite mbele ya kibanda chake. Akanunua miwani ya jua. Wakati wa baridi!

Na kila mwaka, meza ya kunolea ikiwekwa, Bi Irmtraud alinoa ya kila mtu. Hata ya wale waliosaini. "Chuma hakina kosa," alisema. Ila ule mkasi mwekundu wa Lohse hakuugusa. Bi Sigrun aliwahi kuuleta kwa siri ndani ya kapu la mayai.

"Shoga yangu, mayai nachukua," Bi Irmtraud akamwambia. "Hicho kingine mrudishie mwenyewe. Mwambie nasubiri kile cha mjomba."

Kwa hiyo mkasi mwekundu haukunolewa. Haukutiwa mafuta. Lohse mwenyewe hajui kufungua nati. Ulilala nje, ukanyeshewa, springi ikala kutu. Lishikeni na hilo.

Novemba hii Bi Irmtraud aliugua mapafu. Marlis alikuwa naye. Ananiambia mama yake alipanga kila kitu, nyimbo, keki ya chengachenga baada ya maziko, nani akae wapi. Marlis akamuuliza, "Na Bwana Lohse je? Kama mwenyekiti atataka kusema maneno machache."

"Aseme, kwa nini asiseme? Mradi aje na mkasi."

Yalikaribia kuwa maneno yake ya mwisho. Mama alipofariki, Marlis akampigia simu Lohse, akampa ujumbe ule kama ulivyo. Lohse akacheka. "Marehemu alikuwa na utani mwingi," akasema. Marlis akakata simu.

Sasa turudi siku ya Barbara. Siku hiyo watu wa kwetu hukata vijiti vya mcheri, wanavitia majini ndani ya nyumba yenye joto, na Krismasi vinachanua. Mwenyekiti wetu ana desturi ya kuwagawia wazee vijiti hivyo, na mpiga picha wa gazeti la mtaa hakosekani. Mwaka huu siku ya Barbara ilikuwa siku ya maziko. Lohse akaona afanye yote kwa pamoja. Akaja makaburini na furushi la vijiti vya mcheri, utepe mweupe, uso wa huzuni. Alivikata mwenyewe asubuhi ile. Alilitamka jambo hilo mbele ya kaburi, kwa sauti ya kusikika, "Nimevikata kwa mkono wangu, kwa ajili ya rafiki yetu." Akaviweka juu ya jeneza.

Nilikuwa nimesimama karibu na Marlis. Vijiti viliwekwa vichwa kwetu, sehemu zilizokatwa zinatutazama. Mbichi, nyeupe. Marlis aliinama, akachukua kimoja. Akapitisha kidole gumba.

Nikaona uso wake.

Akatia mkono mfukoni mwa koti, akatoa kile kipande cha dirishani, kimekauka, kimekuwa cha kijivu. Akaviweka pamoja, kichwa kwa kichwa, mbele ya macho ya mwenyekiti. Mstari kwa mstari. Mahali pale pale.

Hakupiga kelele. Aliinama juu ya kaburi akasema, kama mtu anayemwita mama yake kutoka chumba cha pili, "Mama. Mkasi umeletwa."

Mpiga tarumbeta wa maziko alikosea noti. Lohse alivitazama vile vipande viwili. Kisha akasema, na hili nimelisikia kwa masikio yangu, "Miti yote ina mistari." Akageuka, akaondoka kupitia njia ya nyuma, hata kofia yake aliisahau juu ya kaburi la jirani.

Kwenye kahawa, Bi Sigrun alikuja. Peke yake. Alikaa karibu nami, akachukua keki, akala nusu.

"Ule mwekundu uligoma kufunguka leo asubuhi," akasema, kama anasimulia habari ya hali ya hewa. "Umekuwa pande la kutu. Akapiga kelele, akapanda darini, akashuka na ule wa mjomba. Umefungwa kwenye tambara. Nikamuuliza, Eckehard, huo si ulipotea? Akaniambia ninyamaze."

"Na wewe ulijua miaka yote hii, Bi Sigrun?"

"Mimi naishi na yule mtu," akasema. "Kujua nilijua. Kuthibitisha ndiyo sikuweza. Sasa dari najua iko wapi." Akafuta chengachenga mdomoni. "Keki nzuri. Irmtraud angesema haina siagi ya kutosha."

Wasikilizaji wapendwa, kwako Marlis, na kwa ukoo wote wa Noack, kwa niaba ya redio hii na bustani zote zenye heshima, poleni sana. Mlimpoteza mama, na kabla ya hapo mlipoteza mti, na kabla ya hapo kijiji. Mlipewa upepo kuwa jibu. Leo angalau mnajua upepo ule unaitwaje.

Na wewe unayesikiliza, nakuomba jambo moja leo. Nenda kibandani kwako. Shusha mkasi ukutani, ufungue, uuangalie makali. Una pengo? Umelipata wapi? Na miti gani imepita hapo? Jiulize pia ni karatasi gani uliwahi kusaini kwa sababu soseji zilikuwa tayari. Halafu chukua jiwe la kunolea. Bi Irmtraud hayupo tena, anayetukumbusha sasa ni chuma chenyewe.

Marlis alinigawia kijiti kimoja cha lile furushi. Nimekiweka hapa studio, kwenye glasi ya maji, mbele ya kipaza sauti. Leo asubuhi kimechanua, maua mawili meupe, na la tatu linajitayarisha. Mti hauna kosa. Lakini chini kule majini, glasi inakuza kila kitu, na mstari unaonekana kutoka hapa nilipoketi, mnene kama kamba.

Mkutano mkuu ni Machi. Nitakuwapo, na Marlis atakuwapo, na Bi Sigrun ameniambia amekwisha andaa lile kapu lake la mayai.

Eckehard, najua redio yenu iko jikoni, juu ya friji. Usiizime.

Lete mkasi.